Mashini ya Mtoto Haichaji: Tuanzie Wapi?

Katika nyumba nyingi za Bukavu, na hata kule kwenye machimbo ya Kamituga, Nyabibwe na Shabunda, siku hizi utakuta kamashine ka michezo ka mkononi. Baba ametoka kwenye shimo na franga kidogo, anapita sokoni Kadutu, anawakumbuka watoto. Nyingine ni zile za plastiki kutoka China, zinazojisifu kuwa na michezo 400. Nyingine ni PSP ya kampuni ya Sony, iliyokwisha kupita mikono mingi mbele ya kufika kwetu. Kwa wenye ndugu Ulaya, pengine ni Nintendo Switch. Inapita miezi michache, na siku moja mtoto anakuja uso umekunjamana: «Papa, kamashine kamekufa. Hakachaji tena.»

Hapo ndipo franga zinaanza kutoka nyumbani. Mama mmoja aliniambia: «Pasta, huyu mutoto ananimalizia franga kwa bafundi. Leo sharjeri, kesho kebo, kesho kutwa konekteri. Na kintu haiwake!» Nikamwomba alete hiyo mashini tuitazame pamoja kwenye mwangaza. Lile tundu la kuchajia lilikuwa limejaa vumbi na nyuzi za mfuko wa suruali, zimeshindiliwa ndani kama pamba ya godoro. Kila mara kebo ilipoingizwa, ilizisukuma zaidi. Kijiti cha meno kilimaliza shauri, na yule mama alikuwa amekwisha kulipa mafundi wawili.

Basi nasema hivi: tundu la kuchajia linashitakiwa mara nyingi kwa makosa ambayo si yake. Na hata likiwa na kosa, kosa hilo mara nyingi ni uchafu tu. Tufuate njia kwa utaratibu, kutoka kile kisicholipwa mpaka kile kinacholipwa. Vijana wasome vizuri, kwa sababu wazazi wengi hawatapenda kushika vitu hivi.

Tuanze na kebo

Kebo ya bei ndogo hukatika ndani, pale kwenye shingo yake, na kwa inje inaonekana nzima. Chukua kebo na sharjeri yako, jaribu kuchajia telefoni ya jirani. Kisha fanya kinyume: chukua kebo ya jirani ambayo unajua inachaji, iweke kwenye mashini yako. Kazi hii ni ya dakika tano, na ingeokoa franga za watu wengi.

Kuna fumbo moja ambalo limewachanganya hata mafundi. Mashini nyingi mpya za bei ndogo zina tundu la Type C, lile la mviringo ambalo kebo inaingia upande wowote. Lakini watengenezaji, wakitafuta kupunguza gharama, waliacha kuweka vipande viwili vidogo sana ndani, vile vinavyoiambia sharjeri: mimi niko hapa, niletee umeme. Kwa hiyo ukitumia kebo yenye Type C pande zote mbili, pamoja na sharjeri mpya ya kisasa, hakuna kitu kinachopita. Mtoto analia, fundi anasema konekteri imekufa. Chukua kebo ya zamani, yenye mdomo mpana wa USB upande wa sharjeri na Type C upande wa mashini. Mara nyingi itachaji papo hapo. Shida kama hiyo ni ya kiwandani, hata fundi akibadilisha tundu mara tatu.

Kwa wenye PSP, mufanye angalisho lingine. Sharjeri yake ina kichwa cha duara, na inatoa volti 5. Sokoni kuna sharjeri nyingi za redio na za vitu vingine zenye kichwa kinachofanana, lakini zinatoa volti 9 au 12. Kichwa kinaingia vizuri kabisa, na mashini inaungua vizuri kabisa. Soma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa sharjeri kabla ya kuingiza. Ni vilevile kwa wale wa machimboni wanaochukua umeme moja kwa moja kwenye batri ya gari au ya solari: batri hiyo ni ya volti 12, na mashini inataka 5. Lazima kuwe na kipunguzi katikati, na kipunguzi kibaya kinaweza kuua mashini sawasawa na kukosa kipunguzi.

Kisha tutazame umeme wenyewe. Mji wetu unapata umeme wa Ruzizi, kutoka kwenye mtambo wa kwanza uliojengwa wakati wa Wabeleji na ule wa pili ulioanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya nchi tatu: yetu, Rwanda na Burundi. Sote tunajua maisha ya delestaji. Umeme ukirudi usiku wakati kila nyumba inapika, taa inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Kwenye sharjeri nyingi imeandikwa volti 100 mpaka 240. Umeme ukishuka chini ya hapo, sharjeri inachechemea au inalala kabisa. Usihukumu tundu usiku wa namna hiyo. Jaribu tena asubuhi. Na anayechajia kwenye kabamba kadogo ka solari bila batri, kila wingu likipita mashini inaanza na kuacha, inaanza na kuacha, na kijana anafikiri tundu limelegea.

Bado neno moja mbele ya kufika kwenye tundu. Mashini iliyokaa miezi mingi katika kabati bila kuguswa, batri yake inaweza kushuka mpaka chini kabisa. Ukiiunga kwa kebo, haionyeshi taa wala picha. Iache pale kwenye sharjeri nusu saa, hata saa nzima, ndipo ubonyeze. Nintendo yenyewe inashauri watu wa Switch wachaji angalau mara moja kila miezi sita, kwa sababu batri ikiachwa tupu muda mrefu inaweza kukataa kabisa kuamka.

Mali yetu iko ndani ya hilo tundu

Sasa washa tochi, utazame ndani ya tundu. Utaona vijibamba vidogo vya rangi ya manjano. Vile vya zamani, vya micro-USB, vina vijibamba 5. Type C ina 24, vimepangwa juu na chini ya kaulimi kembamba katikati. Ile rangi ya manjano si rangi ya kupaka. Ni dhahabu.

Naam, dhahabu ile ile ambayo watu wa Kamituga na Lugushwa wanaitafuta ndani ya mawe. Ni ngozi nyembamba sana, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Inawekwa pale kwa sababu dhahabu haishiki kutu, na umeme unapita juu yake bila kizuizi. Miguu ya tundu imeshikamanishwa kwenye ubao wa mashini kwa bati, na bati linatoka kwenye kasiterite, kama ile inayochimbwa Nyabibwe. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inatumika kwa kazi hiyo ya kushikamanisha vyombo vya umeme. Na katika mashini nyingi kuna vijipipa vidogo vya kutuliza umeme vilivyotengenezwa kwa tantali, ile inayotoka katika koltani. Wazee wa machimbo wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilivyoruka ghafula, na watu wakaingia kwa wingi hata ndani ya pori la Kahuzi-Biega. Mwaka ule ndio Sony ilitoa mashini yake PlayStation 2, na wengi walisema michezo na telefoni ndiyo iliyovuta bei. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na waliokuwa wamekopa wakabaki na deni.

Nimesimulia haya kwa sababu yanatuonyesha namna ya kusafisha. Kijana anayechukua sindano au pini na kukwaruza ndani ya tundu, anaondoa ile dhahabu. Chini yake kuna madini mengine ambayo hewa na unyevu vinaweza kuyaharibu, na unyevu hatuukosi hapa kando ya ziwa, ambapo mvua inaanza Septemba na kuendelea mpaka Mei. Leo mashini itachaji, nawe utafurahi. Baada ya miezi michache itakataa tena, na safari hii itakuwa kweli tundu limekufa. Tena, pini ya chuma inaweza kugusisha vijibamba viwili na kuunguza kitu ndani.

Nyumba za wachimbaji zina hatari nyingine, nami nasema bila kuficha. Mtu asijaribu kusafisha tundu kwa asidi ya kusafishia dhahabu. Na zebaki isikae karibu na mashini hata kidogo. Zebaki inakula dhahabu. Ndiyo kazi yake ndani ya karai, na itafanya kazi ile ile juu ya vijibamba. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mvuke wake ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na huyo mtoto anashika mashini saa nzima karibu na uso wake. Chupa ya zebaki haina fasi katika chumba ambamo watoto wanalala na kucheza, kuwe na mashini au kusiwe.

Namna ya kusafisha

Zima mashini kabisa, si kuilaza tu. Kama batri inatoka, kama kwenye PSP na zile za michezo 400, itoe. Kaa kwenye mwangaza wa dirisha. Chukua kijiti cha meno cha mti au cha plastiki, ukichonge kwa kisu kiwe bapa na chembamba. Kipitishe pole pole kandokando ya tundu, na kwenye Type C pita kati ya kaulimi na ukuta, bila kukabonyeza. Kaulimi kakivunjika, hakuna dawa isipokuwa kubadilisha tundu lote. Vuta uchafu uje inje, usiusukume ndani. Utashangaa kiasi kinachotoka.

Kwa watu wa machimbo uchafu si nyuzi tu. Pale wamama wanapotwanga mawe, vumbi lake ni jembamba kama unga wa muhogo na linaingia kila mahali. Tena kuna ule mchanga mweusi mzito unaobaki chini ya karai, unaofuata sumaku. Mashini ya michezo ina sumaku ndani ya kipaza sauti chake, kwa hiyo mchanga huo unaipenda. Ukiuona kwenye vitundu vya sauti, ujue pengine umeingia pia kwenye tundu la kuchajia.

Baada ya kijiti, tumia burosi ya meno laini, mpya na kavu, ufagie kutoka ndani kwenda inje. Vijana wengi wanapuliza kwa mdomo. Mdomo unatoa mate, na mate ni maji yenye chumvi. Afadhali ile puari ya mpira ambayo wamama wanavutia makamasi ya watoto wachanga. Ikiwa safi na kavu, inatoa upepo mzuri na haigharimu sana.

Ukiona doa jeupe au la kijani kwenye vijibamba, hapo paliingia maji, soda au jasho. Tafuta alkoli kwenye famasi. Omba ile ya 90, kwa sababu ile ya 70 ina maji mengi zaidi. Lowesha kidogo ncha ya burosi, ikung'ute, kisha sugua polepole. Usimimine alkoli ndani. Iache ikauke nusu saa mbele ya kuunga umeme, na isikae karibu na makaa, kwa sababu alkoli inashika moto upesi. Esansi inayeyusha plastiki, usiitumie. Na kuna aliyeniuliza kama kanyanga inafaa. Hapana! Haujui imebeba maji kiasi gani na uchafu gani. Kanyanga ina madhara ya kutosha bila kuiingiza ndani ya mashini za watoto.

Wenye mashini za zamani zaidi, kama Game Boy iliyotoka Japani mwaka 1989, hawana tundu la kuchajia; ile inakula mawe manne ya tochi. Ikikataa, fungua pale mawe yanapolala. Ule unga mweupe ni wa mawe yaliyovuja. Siki kidogo au maji ya ndimu kwenye kitambaa inauondoa, kisha unapangusa kwa alkoli na kuacha ikauke.

Soma dalili

Umesafisha, umekausha, umeunga kebo nzima. Kama inachaji, maneno yamekwisha. Kama bado, angalia namna kebo inavyokaa. Ikiingia na kushika imara, na hata hivyo hakuna taa, shida inaweza kuwa batri au kitu ndani ya ubao. Ikichaji tu wakati unapoipinda upande mmoja, basi miguu ya tundu imeachana na bati, au tundu lenyewe limepanuka. Hutokea sana kwa mtoto anayecheza huku mashini imeungwa kwenye kebo, anavuta, anapinda, kebo inakuwa kama mwiko wa kufungulia kopo.

Hapo vijana wengi wanafunga kebo kwa mpira ili ibaki imepinda, na kuiacha usiku kucha chini ya mto wa kulalia. Wapendwa, hapana. Mahali umeme unaporukaruka panapata joto. Mitaa yetu ya Kadutu, kama Nkafu na Nyamugo, imeona nyumba nyingi za mbao zikiungua, na moto ukishika moja haingoji ruhusa kwenda kwa jirani. Mashini yenye tundu la kulegea ichajiwe mchana, juu ya sahani au simiti, mtu akiiona.

Ukishika tundu na kulikuta la moto hata vidole havivumilii, ondoa kebo mara moja. Na ukiona mgongo wa mashini umeinuka, au kifuniko cha batri hakifungi tena, batri imevimba. Usiitoboe, usiikandamize irudi, usiichaji hata dakika moja. Kama inatoka kwa urahisi, itoe, uiweke inje ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na watoto. Isitupwe kwenye takataka zinazochomwa. Kama iko ndani iliyobandikwa, kama ile ya Switch, fundi mwenye uzoefu aitoe.

Ukienda kwa fundi

Bukavu ina mafundi wazuri, vijana wenye mikono mitulivu kuliko madaktari wengine. Nimeona hata wanaopasha chuma cha kulehemu kwenye makaa wakati umeme umekwenda, na kazi yao ikashika. Lakini kazi hazilingani. Tundu la micro-USB lina miguu michache, na fundi wa kawaida analimudu. Type C ya Switch ina miguu mingi iliyokaribiana sana. Inahitaji hewa ya moto, kioo cha kukuzia na uzoefu. Muulize fundi: «Mukubwa, umesha badilisha ya namna hii?» Asiye na uzoefu ataondoa tundu pamoja na njia za umeme zilizo kwenye ubao, na hapo mashini inakuwa ngumu sana kuponya.

Omba afungue mbele ya macho yako. Toa kwanza kadi ya michezo, uibebe nyumbani. Mwombe apime kwa multimetri mbele ya kuchomoa kitu: kwenye njia ya kuingilia umeme zionekane karibu volti 5, na batri ya lithiamu iliyojaa inaonyesha 4,2. Kama volti 5 zinapita tundu na kuingia ndani, tundu halina kosa, hata kama yeye amekwisha kutayarisha jipya. Kwenye Switch kosa la namna hiyo mara nyingi ni kachipi kanakoongoza umeme, ambako sharjeri mbaya imekaunguza. Akibadilisha tundu, akurudishie lile la zamani. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Na wewe uliye mbali, Shabunda au ndani ya machimbo ambako fundi ni safari ya siku mbili? Zile mashini za michezo 400 mara nyingi zinatumia batri ya BL-5C, ile ile ya telefoni ndogo za Nokia za zamani. Soma maandishi juu ya batri. Ikiwa ndiyo, itoe, iweke ndani ya Nokia ya jirani inayoitumia, ichajie humo, kisha uirudishe kwenye mashini. Vilevile ile sharjeri ya kubana yenye sindano mbili zinazosogea, ambayo wauzaji wa barabarani wanayo, itaichaji. Angalia tu alama za kuongeza na kutoa zisipishane, na usiiache peke yake usiku. Tundu linaweza kubaki limekufa mpaka mtu wa kwenu atakaposhuka Bukavu, na mtoto anaendelea kucheza.